Hatua Moja Mbele: Kesi ya Muhammad Ali na Haki ya Mtu Mashuhuri

Asubuhi ya Aprili 28, 1967, vijana 26 walipangwa mstari ndani ya jengo la kupokelea askari wapya kwenye Mtaa wa San Jacinto, mjini Houston, jimbo la Texas. Utaratibu wa pale ulikuwa mfupi. Ofisa anasoma jina, mwenye jina anapiga hatua moja mbele, na kwa hatua hiyo anatoka uraiani na kuingia jeshini. Wenzake waliitwa, wakasogea. Likasomwa jina la Cassius Marcellus Clay, jina la awali la Muhammad Ali. Kijana mrefu wa miaka 25, bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu, alibaki amesimama palepale.

Alitolewa kando, akaelezwa kwamba kukataa ni kosa la jinai, na kwamba kunaweza kumpeleka jela miaka 5 na kumtoza faini ya dola 10,000. Akarudishwa chumbani, jina likasomwa tena. Hakusogea. Mwishowe aliandika kwamba anakataa kuingia katika majeshi ya Marekani, akatia saini.

Siku hiyohiyo Kamisheni ya Michezo ya Jimbo la New York ilisimamisha leseni yake na kutangaza kwamba haimtambui tena kuwa bingwa. Chama cha Ndondi cha Dunia, WBA, kikafuata. Mashtaka mahakamani hayakufunguliwa hadi Mei 8. Kwa muda wa siku 10, basi, Muhammad Ali alikuwa mtu aliyekwisha kupewa adhabu kabla hajafunguliwa kesi.

Watu husema mambo mawili yanayopingana kuhusu sheria na watu mashuhuri. Wapo wanaoamini kwamba sheria huwaogopa, maana wana fedha, wana mawakili na wana mashabiki. Wapo wanaoamini kwamba huwaonea, kwa sababu mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Kesi ya Ali ilidumu zaidi ya miaka minne, na katika miaka hiyo, mambo yote mawili yalitokea kwa mtu mmoja. Kwa hiyo inafaa kuifuata hatua kwa hatua, na kumtazama pia mtu mwingine, yule wa kawaida ambaye jina lake halikuandikwa magazetini.

Kivuli cha Jack Johnson

Ali hakuwa bingwa mweusi wa kwanza kujikuta kizimbani. Desemba 26, 1908, mjini Sydney, Jack Johnson alimpiga Tommy Burns na kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa uzito wa juu. Julai 4, 1910 alimshinda Jim Jeffries mjini Reno, na habari za ushindi huo zikazua ghasia katika miji mingi ya Marekani, watu wakauawa. Johnson alikuwa anaishi apendavyo: magari ya kifahari, mavazi ya bei, na wake weupe. Hilo la mwisho ndilo halikusameheka.

Mwaka 1910 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokusudiwa kuzuia biashara ya kuwasafirisha wanawake kutoka jimbo hadi jimbo kwa ajili ya ukahaba. Mwaka 1912 sheria hiyo ilielekezwa kwa Johnson. Mwanamke wa kwanza ambaye waendesha mashtaka walimtegemea alikataa kutoa ushahidi dhidi yake, kisha akaolewa naye. Kesi ikaanguka. Wapelelezi wakaingia katika maisha ya nyuma ya bondia huyo mpaka wakampata mwanamke mwingine aliyekubali kusimama kizimbani. Mwaka 1913 jopo la raia, wote weupe, lilimtia hatiani, na akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Alikimbilia ng'ambo, akapoteza mkanda wake kwa Jess Willard mjini Havana mwaka 1915, akajisalimisha mwaka 1920 na kutumikia kifungo katika gereza la Leavenworth. Alipewa msamaha wa rais mwaka 2018. Wakati huo ilikuwa imepita karibu miaka 72 tangu afariki.

Mpangilio wa kesi ile unaeleza mengi. Katika upelelezi wa haki, kosa hutangulia na mtu hutafutwa. Kwa Johnson, mtu alitangulia, kisha kosa likatafutwa. Umaarufu wake ndio uliomfanya aonekane kutoka mbali. Ali mwenyewe, miaka ile aliyozuiwa kupigana, alikwenda New York kutazama tamthilia iliyotungwa kutokana na maisha ya Johnson, akasema kwamba hiyo ni hadithi yake. Alikuwa karibu na ukweli, lakini si sawasawa. Kesi yake ilikuwa na mikunjo ambayo Johnson hakuijua.

Alama 16

Cassius Clay alijiandikisha kwa ajili ya jeshi mjini Louisville, Kentucky, Aprili 1960, kama sheria ilivyomtaka kila kijana wa kiume aliyetimiza miaka 18. Miezi michache baadaye alileta medali ya dhahabu kutoka Michezo ya Olimpiki ya Roma. Februari 25, 1964 alimshinda Sonny Liston mjini Miami Beach na kuwa bingwa wa dunia. Siku chache zilizofuata alitangaza kwamba ni mfuasi wa Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu weusi iliyoongozwa na Elijah Muhammad, na mwezi Machi akapewa jina la Muhammad Ali. Magazeti mengi yaliendelea kumwita Clay kwa miaka, na serikali ikafanya vivyo hivyo.

Katika miezi hiyohiyo alifanya mtihani wa akili wa jeshi na kuanguka. Aliwekwa daraja la 1-Y, yaani mtu asiyefaa kuitwa ila taifa likiwa katika dharura. Wapo waliodai kwamba alijiangusha makusudi, naye aliona aibu kuitwa mjinga mbele ya dunia nzima. Alama yake ilikuwa 16, na kiwango cha kupita kilikuwa 30.

Vita vya Vietnam vilipopamba moto, jeshi lilihitaji watu zaidi, na kiwango hicho kikateremshwa hadi 15. Hapa lazima tuwe waadilifu: kiwango hakikuteremshwa kwa ajili ya Ali peke yake. Vijana wengi waliokuwa wameachwa waliingizwa kwenye orodha kwa mabadiliko hayo, wengi wao maskini, na hawakuwa na mtu wa kuwaandika. Februari 1966 Ali alikuwa Miami akijiandaa kwa pambano pale habari zilipofika kwamba sasa yuko daraja la 1-A, tayari kuitwa. Waandishi walimzingira, simu zikalia mchana kutwa, na katika hasira yake akatamka kwamba hana ugomvi wowote na wapiganaji wa Vietnam.

Maneno hayo yalimgharimu haraka. Pambano lake na Ernie Terrell lililopangwa Chicago lilifutwa, miji mingine ya Marekani ikamfungia milango. Alikwenda kupigana Toronto, London mara mbili, na Frankfurt, yote ndani ya mwaka 1966. Hakuna mahakama iliyokuwa imesema lolote. Wanasiasa na wafanyabiashara walikuwa wameshakata shauri.

Jaji aliyemwamini

Sheria ya Marekani ilimruhusu mtu kukataa vita kwa dhamiri, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, awe anapinga vita vyote, si vita fulani tu. Pili, upinzani wake utokane na mafundisho na imani ya dini. Tatu, awe mkweli katika hayo anayoyasema. Ali aliomba atambuliwe hivyo. Aliomba pia asamehewe utumishi wa jeshi kwa kuwa ni mhubiri wa dini yake. Bodi ya uandikishaji ya Louisville ilikataa.

Alipokata rufaa, shauri lake lilipelekwa kwa jaji mstaafu wa Kentucky, Lawrence Grauman, amsikilize na kutoa maoni. Shirika la upelelezi, FBI, lilihoji watu waliomfahamu. Agosti 1966 Ali alifika mbele ya Grauman na kuieleza imani yake chini ya kiapo. Watu wengi walitarajia mzee huyo mweupe wa Kusini amtimue. Grauman alisikiliza, akasoma faili, akaandika kwamba kijana huyu anasema kweli, upinzani wake unatoka katika dini, na aombalo apewe.

Maoni ya Grauman hayakuwa hukumu. Yalikwenda Wizara ya Sheria, nayo wizara ikaiandikia bodi ya rufaa barua yenye ushauri ulio kinyume kabisa: kwamba Ali hakutimiza hata sharti moja kati ya yale matatu. Upinzani wake, ilisema barua, ni wa kisiasa na wa rangi, si wa dini, na umejitokeza baada ya kuona jeshi linamkaribia. Bodi ya rufaa ikakataa maombi yake. Haikuandika sababu. Ilitoa jibu tupu, bila kueleza ni sharti lipi kati ya yale matatu limemwangusha.

Msomaji alikumbuke hilo jibu lisilo na sababu. Lilionekana dogo wakati ule, lakini kesi yote ilikuja kuligeukia.

Houston, Juni 1967

Kesi ilisikilizwa Houston mbele ya Jaji Joe Ingraham, Juni 19 na 20. Jopo lilikuwa na wanaume sita na wanawake sita, wote weupe. Mawakili wa utetezi walilalamika juu ya bodi zenyewe za uandikishaji: katika Kentucky, ambako weusi walikuwa asilimia 7 ya watu, kati ya wajumbe 641 wa bodi za mitaa weusi walikuwa asilimia 0.2 tu. Hoja hiyo haikumsaidia. Swali lililoachiwa jopo lilikuwa jembamba: je, aliitwa? Je, alikataa kusogea? Wajumbe walikaa faraghani kwa muda wa dakika 20 hivi, wakatoka na jibu: ana hatia.

Ali aliomba asomewe adhabu palepale kuliko kuachwa akisubiri. Ingraham alimpa kiwango cha juu kabisa ambacho sheria iliruhusu, miaka 5 na dola 10,000, na pasi yake ya kusafiria ikachukuliwa. Aliachiwa kwa dhamana akate rufaa.

Kunyang'anywa pasi kuliuma kuliko watu wengi walivyotambua. Bondia aliyefungiwa nyumbani angeweza kupigana Ulaya, kama alivyofanya mwaka uliotangulia. Sasa mlango huo nao ulifungwa. Pambano lake la mwisho lilikuwa Machi 22, 1967, dhidi ya Zora Folley, na mpaka siku hiyo alikuwa ameshinda mapambano yote 29 ya ngumi za kulipwa. Hakupanda ulingoni tena kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu. Kwa mwanasheria huo ni muda wa kawaida wa rufaa. Kwa mwanandondi ni miaka ya 25 hadi 28, miaka ambayo miguu ni myepesi na jicho ni kali, na hakuna mahakama duniani inayoweza kuirudisha.

Alipata riziki kwa kuhutubia vyuo vikuu. Wanafunzi walimuuliza maswali, wengine wakamzomea, wengi wakamshangilia. Pole pole nchi ilianza kuvichoka vita, na mtu aliyeitwa msaliti mwaka 1967 akaanza kusikilizwa.

Mafaili ya New York

Wakati rufaa inaburutwa, mawakili wa mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, walifungua shauri lingine kwa upande. Kamisheni ya New York ilikataa kumrudishia Ali leseni kwa hoja kwamba ametiwa hatiani kwa kosa kubwa, na mtu wa namna hiyo anaichafua ndondi. Hoja hiyo ilisikika nzuri. Mawakili wakaomba waonyeshwe mafaili ya kamisheni.

Kazi waliyoifanya haikuwa na fahari. Waliketi na karatasi, jina baada ya jina. Walikuta kwamba katika miaka ya karibuni kamisheni hiyohiyo ilikuwa imetoa au kurudisha leseni mara zisizopungua 244 kwa watu waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa ya aina mbalimbali. Kati yao walikuwamo wapatao 94 wenye makosa makubwa: mauaji, ubakaji, ujambazi wa kutumia silaha, uchomaji moto. Walikuwamo hata watu waliotoroka jeshini. Wote hao walionekana wanafaa kupigana New York. Asiyefaa alikuwa mmoja.

Septemba 1970 Jaji Walter Mansfield wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba kumbagua Ali kwa namna hiyo hakuna msingi, na kunavunja haki ya ulinzi sawa wa sheria ambayo katiba inampa kila mtu. Akaamuru leseni ishughulikiwe. Mwezi uliofuata, Oktoba 26, Ali alipigana na Jerry Quarry mjini Atlanta. Jimbo la Georgia halikuwa na kamisheni ya ndondi ya kumzuia, na Seneta Leroy Johnson, mwanasiasa mweusi wa jimbo hilo, alikuwa amepigania kibali mpaka akakipata, ingawa gavana alipinga.

Hukumu ya Mansfield ndiyo inayojibu swali letu kwa uwazi kuliko nyingine yoyote. Ukitaka kujua kama mtu mashuhuri anaonewa, usitazame ukali wa adhabu peke yake. Tafuta watu wengine waliofanya kama yeye, au zaidi yake, uangalie walitendewaje na ofisi ileile. Mawakili wale hawakutoa hotuba juu ya ubaguzi. Walileta orodha.

Wale ambao hawakuwa Ali

Lakini orodha husomwa pande mbili, na mwandishi anayempenda Ali, kama mimi, anawajibika kuusoma upande wa pili pia.

Katika miaka ya vita vya Vietnam wanaume wapatao 210,000 walituhumiwa kuvunja sheria ya kuandikishwa jeshini. Waliotiwa hatiani walikuwa kama 8,750, na walioingia jela 3,250. Wapo waliokimbilia Kanada. Wapo waliokubali kwenda vitani kwa kuwa hawakuwa na nauli ya kwenda popote pengine wala fedha za wakili. Ali alihukumiwa miaka 5 na hakukaa gerezani hata siku moja kwa kosa hilo. Siku chache alizolala ndani zilikuwa Desemba 1968, mjini Miami, kwa sababu ya kuendesha gari bila leseni halali.

Hata ndani ya dini yake tofauti ilionekana. Elijah Muhammad mwenyewe alikamatwa mwaka 1942 kwa mambo ya uandikishaji, akakaa gerezani mpaka mwaka 1946. Mwanawe Wallace, ambaye baadaye aliiongoza jumuiya hiyo kuelekea Uislamu wa Sunni, alikataa utumishi alioitiwa na akafungwa katika gereza la Sandstone, Minnesota, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Imani ni ileile, kukataa ni kulekule, lakini Wallace hakuwa na mkanda wa dunia, na wapiga picha hawakujaa mlangoni pa mahakama.

Kwa nini Ali alibaki nje? Alikuwa na dhamana na mawakili waliobobea, na aliweza kungoja. Rufaa yake ya kwanza ilishindwa Mei 1968. Mwaka 1969 serikali ilikiri kwamba ilikuwa imenasa baadhi ya mazungumzo yake ya simu, likiwamo alilozungumza na Martin Luther King, na shauri likarudishwa Houston lichunguzwe kama ushahidi ulichafuliwa. Ingraham akasema haukuchafuliwa, akatoa adhabu ileile. Rufaa ikashindwa tena mwaka 1970. Kila kituo kilikula miezi, na kila mwezi ulihitaji wakili wa kulipwa. Kijana wa kawaida wa Kentucky angekuwa amekwisha kumaliza kifungo chake kabla ya kufika nusu ya safari hiyo.

Kwa hiyo umaarufu ulimpiga kwa mkono mmoja na kumshika kwa mkono mwingine. Ulimletea adhabu ya juu kabisa, kwa kuwa serikali ilitaka vijana wengine waone. Ukamletea pia muda na utetezi ambao vijana hao hawakuwa nao. Anayeona upande mmoja tu anadanganywa na upande huo.

Mahakama ya Juu

Machi 8, 1971 Ali alipigana na Joe Frazier katika ukumbi wa Madison Square Garden, kila mmoja akilipwa dola milioni 2.5. Alipigwa kwa pointi katika raundi 15. Usiku huohuo, watu wakiwa wametega masikio kwenye pambano, kikundi cha wapinga vita kilivunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, na kuondoka na nyaraka zilizoonyesha jinsi shirika hilo lilivyokuwa likiwapeleleza raia wake. Nchi iliyomhukumu Ali mwaka 1967 ilikuwa inabadilika.

Aprili 19 shauri la Clay dhidi ya Marekani lilisikilizwa Washington. Thurgood Marshall, jaji pekee mweusi wa Mahakama ya Juu, alijitoa, kwa kuwa alikuwa wakili mkuu wa serikali katika mahakama hiyo kesi ilipoanza. Walibaki majaji wanane. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotoka baadaye kuhusu mambo ya ndani ya mahakama, kura ya kwanza ilikuwa 5 kwa 3 dhidi ya Ali. Jaji John Harlan akapewa kazi ya kuiandika hukumu ya kumpeleka jela. Harlan alikuwa mzee, mgonjwa, haoni vizuri. Karani wake alimsihi asome maandishi ya Elijah Muhammad kwanza. Harlan aliyasoma, akaona kwamba Ali anapinga vita vyote vya dunia hii kweli, akabadili kura yake. Ikawa 4 kwa 4.

Sare isingemwokoa. Kwa utaratibu wa mahakama hiyo, kura zikilingana hukumu ya chini inabaki, na Ali angeingia gerezani bila hata kuandikiwa sentensi moja ya kumweleza kwa nini. Ndipo Jaji Potter Stewart alipoonyesha njia, nayo ilipita katika lile jibu tupu la bodi ya rufaa.

Wizara ya Sheria ilikuwa imeiambia bodi kwamba Ali ameanguka katika masharti yote matatu. Lakini mbele ya Mahakama ya Juu serikali yenyewe haikubisha tena kwamba imani yake ni ya dini na kwamba anasema kweli. Basi ushauri ule ulikuwa na makosa katika mambo mawili kati ya matatu. Na kwa kuwa bodi haikuandika sababu, hakuna aliyeweza kujua kama ilimkatalia kwa jambo lile moja lililobaki au kwa yale mawili ya makosa. Hukumu iliyojengwa juu ya msingi usiojulikana haiwezi kusimama.

Stewart hakubuni kanuni hiyo. Ilikuwapo tangu mwaka 1955, katika kesi ya Sicurella dhidi ya Marekani. Huyo alikuwa muumini wa Mashahidi wa Yehova ambaye hakuwa na umaarufu wowote, na alikataa jeshi kwa imani yake. Wizara ilitoa ushauri wenye makosa, mahakama ikaitengua hukumu. Wakili aliyemtetea alikuwa Hayden Covington, na Covington huyohuyo ndiye aliyekuja kumwakilisha Ali katika hatua za mwanzo. Bingwa wa dunia aliokolewa na njia iliyochongwa na mtu ambaye hakuna aliyejua jina lake.

Juni 28, 1971 mahakama ilitangaza uamuzi wake: majaji 8 kwa 0, hukumu inatenguliwa. Ali alikuwa Chicago, na habari zilimkuta dukani. Alikuwa huru.

Uhuru na mipaka yake

Uamuzi ule ulisherehekewa kama ushindi wa dhamiri. Ukiusoma kwa makini unaona kwamba ulimpa Ali kidogo kuliko watu walivyodhani. Mahakama haikusema kwamba wafuasi wa Nation of Islam wana haki ya kukataa vita. Haikusema kwamba vita vile ni haramu. Ilisema tu kwamba utaratibu ulikosewa katika faili hili. Kijana mwingine wa dini hiyohiyo, mwenye faili lililoandikwa vizuri zaidi, hakupata chochote cha kushika. Wengi wa waliokuwa nje ya sheria walisubiri mpaka Januari 21, 1977, siku Rais Jimmy Carter alipotoa msamaha kwa waliokwepa kuandikishwa.

Mkanda ulirudi kwa jasho. Oktoba 30, 1974, mjini Kinshasa, mbele ya umati uliomshangilia kwa Kilingala, Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Ilikuwa miaka saba na nusu tangu anyang'anywe. Na serikali iliyotaka kumfunga ilikuja kuutaka umaarufu wake. Februari 1980 Carter alimtuma Afrika kuwashawishi viongozi wasusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea, kwa kuona kwamba suala la kitaifa halijadiliwi kwa kutumwa mwanamichezo. Nyerere alikuwa na haki. Tukitaka sheria isimwone mtu kwa mkanda wake, basi na dola isimtumie kwa sababu ya mkanda huo.

Je, Ali alitendewa haki? Kamisheni ya New York haikumtendea haki: ilimhukumu kabla ya mahakama na ikampima kwa kipimo ambacho haikumpimia mwingine. Wizara ya Sheria haikumtendea haki: ilimpuuza jaji aliyemsikiliza uso kwa uso, ikaandika yale ambayo baadaye yenyewe haikuweza kuyatetea. Jaji Grauman alimtendea haki, naye Jaji Mansfield. Mahakama ya Juu ilimwachia kwa haki, lakini ilimwachia yeye.

Sisi hupenda kusema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa mtu mashuhuri haki hiyo ni kuhukumiwa kwa tendo lake bila jina lake kuongeza wala kupunguza kitu. Kwa asiyejulikana ni kupata sehemu ndogo tu ya muda na usikivu ambao mashuhuri huupata bila kuomba. Na kwa wote wawili ipo haki moja ambayo kesi hii iliiweka wazi kuliko zote, nayo ni kupewa sababu. Ofisi inayokataa ombi la mtu, bodi inayomnyima leseni, hakimu anayemfunga, kila mmoja anawajibika kuandika kwa nini, ili anayekataliwa aweze kujibu na wa juu aweze kukagua. Ali aliweza kungoja miaka minne ili aulizie sababu hiyo. Mtu asiye na fedha wala jina hawezi kungoja, kwa hiyo anastahili kupewa siku ileile anapoambiwa hapana.